Maji ya Mzazi

Raya ameandika kutoka nchi ya baridi:
*Dada, huko mwatumia nini kupashia nyumba moto?
Huku gesi imepanda, umeme ndio usiseme.*
Kisha akajicheka mwenyewe,
maana amekumbuka kuwa huku Guraya,
ghorofa ya tatu, chini ya mabati,
nyumba hujipasha yenyewe na haitumi bili.

Lakini ni Julai. Kusi yapuliza.
Mlinzi wa duka la magodoro amevaa koti la sufi,
na Zeyana leo ana siku ya tisa tangu ajifungue.
Bi Mwanatumu amevuka kutoka Likoni alfajiri,
amevua buibui, amekunja mikono,
amesema neno moja: "Maji."
Si vuguvugu.
Maji ambayo mkono huyaomba ruhusa.

Tukaanza na umeme.
Koili ya kuzamisha ndooni, Swabiri aliinunua Kongowea,
waya wake umefungwa plasta ya kidonda.
Usiguse ndoo. Usikanyage sakafu mbichi.
Usimguse aliyegusa.
Yapasha upesi, sikatai,
ila kile kisanduku cha tokeni ukutani
kikaanza kunipepesea jicho jekundu
kama mdai aliyekuona ukitoka benki.
Shilingi mia zikayeyuka, maji hayajatoa hata mvuke.
Kisha kimya. Feni ikasimama,
na mtoto akaamshwa na ule ukimya.

Basi gesi.
Gesi ni mwana wa watu, hana makuu:
wamwasha, awaka; wamzima, azimika,
sufuria haijui masizi.
Ila hasemi akiwa yuaondoka.
Tuliutikisa mtungi, tukaulaza ubavu,
Swabiri akasema ukiumwagia maji ya moto
huwa watema kilichobaki.
Maji ya moto!
Tukatazamana.
Ilikuwa tarehe ishirini na saba.
Mtungi hungoja mshahara. Mzazi hangoji.

Juu ya kabati kuna stovu ya marehemu mama,
tambi kumi, zinazoshika moto ni sita.
Nikaishusha, nikapangusa vumbi, nikawasha.
Harufu ya mafuta ya taa ikaingia kwenye mchele,
ikaingia kwenye kanga, ikamfuata mtoto kitandani.
Bi Mwanatumu akachungulia mlangoni:
"Mwataka kukanda mzazi au kuua kunguni?"
Nikaizima.

Ikabaki seredani.
Mwenye nyumba ameandika kwa rangi kwenye ngazi,
MAKAA MARUFUKU GHOROFANI,
na mkebe wa makaa siku hizi bei yake
wauliza mara mbili ukidhani hukusikia.
Nikashuka uani na ndoo yangu, sina makaa, sina kiberiti,
nina maji tu.

Mama Nzilani alikuwa amebandika maharagwe ya kuuza,
moto wake mwekundu, umekolea, hauna moshi.
Aliitazama ndoo. Aliyatazama macho yangu.
Akaepua sufuria yake, akaiweka chini kwenye mchanga.
"Haya," akasema, "maharagwe hayakuzaa. Yatangoja."

Yalipotokota tukayapandisha wawili,
mimi na Swabiri, mti katikati ya mabega.
Ngazi ya kwanza yala joto lake, ya pili yala lake,
na nyingine ikamwagikia kidole cha mguu wangu
kunijulisha kuwa yangali hai.
Bi Mwanatumu akachovya kitambaa, akakamua,
akakibandika kiunoni.
Zeyana akauma pindo la kanga.
Chumba kizima kikaingia jasho,
madirisha yamefungwa, hapa Mombasa,
na hakuna aliyelalamika.

Usiku ndipo nilipomjibu Raya.
Niliandika hesabu: tokeni, gesi, mafuta, makaa,
nikazifuta zote.
Nikamwandikia: *Hapa twatumia Mama Nzilani.*
Hakuelewa. Ameniuliza ni kampuni gani.

Nadaiwa mkebe mmoja wa makaa.
Kisanduku bado chapepesa.
Zimebaki siku thelathini na moja.